Saa Kumi ya Alfajiri Haimfaulishi Mtu

Kila mwaka ikifika Julai, matokeo ya kidato cha sita yakishatangazwa, kijana wa Karagwe au Kyerwa anayejiandaa kwenda chuo kikuu huanza kupokea somo moja kutoka pande zote. Hulisikia kanisani na kwenye hafla ya kumuaga. Hulipata kwa mjomba aliyekuja likizo Omurushaka kutoka Dar es Salaam, na akifungua simu hulikuta limeandikwa kwa herufi kubwa juu ya picha ya jua linalochomoza. Somo lenyewe ni kwamba anayetaka kufaulu chuo aamke saa kumi alfajiri, asome, akimbie mbio za mazoezi, asali, aandike malengo yake, na jua likitoka awe ameshawapita wenzake. Anayeshindwa kufanya hivyo, huambiwa, ameshachagua kushindwa.

Nalieleza kwanza kwa haki, kwa sababu wanaolifundisha wengi wana nia njema na wana hoja. Wanasema chuo hakina kengele wala mwalimu wa zamu, hivyo asiyejitawala atapotea. Wanasema kila mtu amepewa saa 24, tofauti ni jinsi anavyozitumia. Wanasema alfajiri kuna utulivu, simu hazilii na kichwa ni chepesi. Mwisho wanakumbusha kwamba wasomi wa kwanza wa mkoa huu walisoma kwa koroboi na kwa njaa, wakafika mbali, basi shida haiwezi kuwa kisingizio cha mtu.

Hoja ya kwanza ni kweli. Nyingine tatu nazipinga, na ninapinga zaidi hitimisho linalochotwa humo: kwamba kijana anayepata sapu (mtihani wa marudio) kila muhula, anayeugua vidonda vya tumbo mwaka wa pili, au anayedisko, yaani kuondolewa masomoni, na kurudi nyumbani kimya kimya, tatizo lake ni kukosa ratiba. Hitimisho hilo limekuwa imani ya mtaa mzima, na linawaumiza watoto wetu.

1. Saa haina baraka ya kwake

Omurushaka iko karibu na nyuzi 31 mashariki, Dar es Salaam iko nyuzi 39. Tofauti hiyo ni zaidi ya nusu saa ya jua, ingawa saa za ukutani zinasoma sawa. Hapa kwetu jua huchomoza karibu na saa moja asubuhi. Saa kumi alfajiri kwa hiyo ni karibu saa tatu nzima kabla ya jua, usiku wa manane kwa kipimo chochote cha mwili. Ukivuka mto Kagera ukaingia Rwanda, saa inarudi nyuma kwa saa moja. Jua ni lile lile, umande ni ule ule, jogoo wa kando hii na wa kando ile wanawika pamoja. Mnyarwanda anayeamka saa kumi kwa saa yake, huku kwetu imeshafika saa kumi na moja. Nani kati yao ana nidhamu zaidi?

Fundisho hili lilipata nguvu mpya tangu 2018, Robin Sharma wa Kanada alipochapisha kitabu chake The 5 AM Club kinachohimiza kuamka saa kumi na moja. Wahamasishaji wetu walilichukua, wengine wakaongeza saa moja juu yake ili lisikike kali zaidi, na hakuna aliyejiuliza kama lilitungwa kwa ajili ya kijana wa miaka 20 anayelala chumba cha watu wanne au sita huko Dodoma au Mlimani, Dar es Salaam.

Husemwa pia kwamba mama zetu huamka alfajiri kwenda shambani na hawalalamiki. Ni kweli huamka. Lakini mama huyo saa tatu usiku amelala. Mwanawe chuoni, saa mbili usiku ndiyo kwanza ametoka kwenye kipindi, maana katika vyuo vikubwa ratiba ya vipindi huanza saa moja asubuhi na vingine huisha saa moja au saa mbili usiku. Bado hajala. Bado ana kazi ya kikundi inayokutana saa nne kwa sababu ndiyo saa pekee wote watano wana nafasi. Na vitabu anavyotakiwa kupakua anavipakua baada ya saa sita usiku, kwa kuwa kifurushi cha intaneti cha usiku ndicho anachokimudu. Kumwambia mtu huyu aamke saa kumi ni kumwambia alale saa tatu. Wanaomwambia wamwambie waziwazi hivyo, na tuone ni mzazi gani atapiga makofi.

2. Usingizi unaoibwa hulipwa

Mwaka 2003 Hans Van Dongen na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti ambao kila mhamasishaji angepaswa kuusoma. Waliwapunguzia watu wazima wenye afya usingizi hadi saa sita au saa nne kwa usiku, wiki mbili mfululizo. Uwezo wao wa kuwa macho na kukumbuka ulishuka siku hadi siku, na mwishoni walifanya vibaya kama watu waliokesha usiku mmoja au hata miwili bila kulala kabisa. Linalotisha zaidi ni kwamba wenyewe hawakujua. Waliona wamezoea.

Hapa ndipo ushuhuda wa "mimi nalala saa nne tu na niko sawa" unapoanguka. Anayeutoa hasemi uongo. Anasema anachohisi, na hisia hiyo ndiyo ya kwanza kuharibika.

Kuna la pili. Mwaka 2004 Till Roenneberg wa Ujerumani na wenzake walionyesha kuwa mwili wa binadamu husogeza saa yake ya kulala mbele kadiri anavyokua, na husogea mbali kuliko wakati wowote akiwa na umri wa karibu miaka 20, kisha huanza kurudi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza au wa pili yuko hapo hapo penye kilele. Kijana asiyepata usingizi saa tatu usiku hajawa mkaidi. Ndivyo umri wake ulivyo, na akifika miaka 40 ataamka alfajiri bila kengele kama mjomba wake, kisha, nachelea, atawahubiria vijana kwamba ni nidhamu. Wataalamu wa usingizi wa National Sleep Foundation walipendekeza mwaka 2015 saa saba hadi tisa kwa watu wa miaka 18 hadi 25. Kijana aliyelala saa saba usiku na kuamka saa kumi ana saa tatu.

Mwanafunzi anayesoma saa kumi alfajiri, akasinzia kwenye pindi la saa mbili, amebadilisha mhadhara wa mwalimu aliyesomea jambo hilo kwa miaka kumi kwa kurasa chache alizozisoma macho yakifumba. Kisha anahesabu saa alizokaa na kitabu, na hesabu inapendeza.

3. Shahada yenyewe inadai nini?

Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania ina kipimo kinachojulikana: kredi moja ni saa kumi za kujifunza, na mwaka mmoja wa shahada ni kredi 120. Hiyo ni saa 1,200. Zigawe kwa wiki 30 za masomo unapata saa 40 kwa wiki, mihadhara, semina, maabara, kazi za kuandika na kusoma peke yako vyote vikiwa ndani. Ni wiki ya mfanyakazi wa ofisini.

Mtu mwenye vipindi vya saa 20 kwa wiki ana saa 20 zilizobaki. Ukizigawa kwa siku sita ni saa tatu na kidogo kwa siku. Zinaingia mchana. Zinaingia kwenye mapengo yale kati ya pindi la saa tatu na la saa nane, ambayo wanafunzi wengi huyatumia kurudi hosteli kulala kwa sababu waliamka saa kumi. Nataka wazazi waitazame vizuri hesabu hii. Kijana anakesha ili asome, kisha analala mchana kwa sababu amekesha, kisha anaambiwa mchana amepoteza muda, akeshe tena.

Sikatai kwamba zipo fani nzito. Wa udaktari, uhandisi na famasia wanavuka saa 40, hasa mitihani ikikaribia. Hata wao hawavuki kwa kutolala. Anayetakiwa kukumbuka majina ya mishipa ndiye anayehitaji usingizi kuliko wote, kwa kuwa kumbukumbu hujengeka mtu akiwa amelala.

4. Waliosoma kwa koroboi

Hoja hii hutumiwa kufunga mjadala, na wazee wanaoitoa nawaheshimu. Lakini waeleze yote.

Waliosoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1970 na 1980 walilipiwa na serikali ada, malazi na chakula. Walikuwa wachache. Kijana akitoka Nyaishozi au Nkwenda alifika Mlimani akakuta kitanda chake, akaenda kafeteria na sahani yake ikajazwa mara tatu kwa siku. Koroboi ilikuwa ya shule ya msingi na sekondari. Chuo kilikuwa na taa. Utaratibu wa kuchangia gharama uliletwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na hapo ndipo mpishi, kitanda na sahani vilipoanza kuhamia mgongoni mwa mwanafunzi na mzazi wake. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianza kazi 2005 kwa sababu mzigo ulikuwa umeshahama.

Ratiba nzuri ya wazee wale ilishikiliwa na watu wengine: aliyewasha jiko, aliyefua mashuka, aliyelipa. Leo tunamtaka mtoto mmoja awe mpishi wake, mhasibu wake, mlinzi wake na mwalimu wake wa zamu, kisha akielemewa tunamtajia koroboi.

5. Saa 24 si sawa: bumu, kahawa na butura

Hili ndilo ninalotaka kulisema zaidi, kwa sababu hapa kwetu lina sura yake.

Fedha ya kujikimu kwa mwanafunzi mwenye mkopo iliongezwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Wanafunzi huiita bumu. Inaitwa ya siku, lakini haiji kwa siku. Huja kwa mkupuo wa karibu siku 60, kama shilingi 600,000, na ndiyo chakula na ndiyo malazi. Kijana aliyekosa nafasi hosteli anapanga chumba nje. Chukua mfano chumba cha 60,000 kwa mwezi, mwenye nyumba akitaka ya miezi sita kama wengi wanavyotaka. Hiyo ni 360,000 siku ya kwanza. Zinabaki 240,000, sawa na shilingi 4,000 kwa siku kwa chakula, nauli ya daladala, fotokopi, sabuni na kifurushi. Na huyu ndiye mwenye mkopo kamili. Wapo wenye nusu, wapo wasio nao kabisa.

Wiki ya bumu, mwanafunzi huyu anakunywa chai asubuhi, anakula wali maharage kwa mama lishe mchana, usiku anapika. Anaweza kufuata ratiba yoyote utakayompa. Wiki ya saba anapiga pasi ndefu: anakula mara moja, saa kumi jioni, ili shibe ivuke usiku. Asubuhi yake haipo. Akiamka saa kumi alfajiri ana saa kumi na mbili za kukaa na njaa kabla ya kuona sahani, kwa hiyo analala hadi saa nne ili siku iwe fupi. Majirani wanamwona mvivu. Amefanya uamuzi wa kiakili kabisa wa kupunguza saa za kuhisi njaa.

Sasa ongeza kalenda ya kahawa. Msimu wetu hufunguliwa katikati ya mwaka, Mei au Juni, ukaishia Septemba au Oktoba. Chuo hufunguliwa Oktoba au Novemba. Kijana huondoka Omurushaka wakati pesa ya kahawa ipo, au ndiyo inaisha. Muhula wa pili unaanza karibu na Machi, wakati mtini kahawa ingali ya kijani. Hapo simu inalia nyumbani: ada iliyobaki, kodi, kompyuta imeharibika. Mzazi hana la kuuza ila shamba lile lile, na mnunuzi wa butura anajua. Anakuja, anahesabu miti, anataja bei yake, analipa leo, na kahawa itakapoiva ni yake. Serikali imeipiga butura marufuku mara nyingi, na mwaka 2018 iliagiza kahawa ipite kwenye vyama vya ushirika, kwetu kikiwa chama kikuu cha ushirika cha Karagwe, KDCU. Butura haijafa, kwa sababu Machi haijafutwa kwenye kalenda.

Kijana anajua kilichouzwa. Yeye ndiye aliyekuwa akianua kahawa kwenye mikeka mvua ikitishia, anajua gunia lina uzito gani. Hulala akiwa na hesabu hiyo kichwani, na usiku anaposhindwa kulala hujilaumu kwamba hana haki ya kuchoka. Saa 24 za huyu na saa 24 za mwenzake aliyelipiwa kila kitu Oktoba ni vitu viwili tofauti. Kuzihesabu kuwa sawa ni kumdhulumu huyu mara ya pili.

6. Binti na giza

Hili ni fupi kwa sababu halihitaji maneno mengi. Binti aliyepanga nje ya chuo, anayeambiwa akimbie mazoezi au aende maktaba saa kumi alfajiri, anaambiwa apite njia isiyo na taa peke yake. Waandaaji wa ratiba hizi hawalitaji hata mara moja. Na aliye hosteli, akiwasha taa saa kumi kwenye chumba walimobanana, wengine wakibebana kitanda kimoja, anawaamsha wote. Ratiba ya mmoja inalipwa kwa usingizi wa watano.

7. "Mbona wapo waliofaulu hivyo?"

Wapo. Ndio wanaoalikwa kuzungumza. Aliyeamka saa kumi kwa miaka miwili akaishia kudisko hapewi kipaza sauti kanisani. Yuko Kayanga anaendesha bodaboda, au amekwenda Murongo kutafuta biashara ya mpakani, na akipita hatumuulizi ratiba yake ilikuwaje. Tukimuuliza, tutakuta wengi waliamka mapema sana. Tutakuta pia kwamba walianza kuumwa kichwa na kukosa hamu ya kula, wakaogopa kwenda kwa mshauri wa wanafunzi kwa kuwa waliamini udhaifu ni wao. Kila chuo kina ofisi hiyo, na mwanafunzi aliyelipa bima ya afya ana haki ya kumwona daktari. Lakini aliyefundishwa kwamba kuchoka ni dhambi haendi kwa daktari kuungama.

Ratiba inayobebeka

Nitaulizwa ninapendekeza nini. Napendekeza ratiba ipimwe kwa wiki mbaya kuliko zote, ile ya bumu limechelewa na nyumbani hakuna kitu. Ikishindikana wiki hiyo, haifai hata wiki nyingine, kwa kuwa kijana atakayeiacha atajiona ameanguka, na kujiona ameanguka kutamla kuliko njaa.

Kwa wengi wasio na vipindi vya saa moja asubuhi itakuwa hivi: kulala saa tano au saa sita, kuamka saa kumi na mbili na nusu au saa moja, saa zile zile hata Jumamosi. Kutia kitu tumboni kabla ya saa nne asubuhi, hata kama ni uji na kiazi, maana mlo wa asubuhi ndio unaobeba vipindi. Kusoma mchana kwenye mapengo, hapo hapo chuoni, bila kurudi hosteli. Kutembea kwa miguu jua likiwepo. Siku moja kwa wiki bila daftari. Mwenye kazi ya kibarua, mwenye mtoto mchanga, anayeswali alfajiri kisha akarudi kulala, kila mmoja apange kwa maisha yake, na wote wanaweza kufika saa 40.

Lakini sehemu kubwa ya ratiba hiyo haiko mikononi mwa mwanafunzi, na hapo nawageukia wazazi wenzangu. Tunapopiga simu chuoni swali letu la kwanza ni "unasoma?" Atajibu ndiyo, hata akiwa hajala tangu jana. Tumuulize amekula nini na alilala saa ngapi, kisha tunyamaze tusikilize. Na kahawa ikiuzwa Agosti, kabla ya mabati na kabla ya harusi, tumtafute mwenye nyumba wa mtoto tumlipe kodi ya mwaka mzima wa masomo, ili bumu libaki la chakula na Machi isimkute mnunuzi wa butura mlangoni. Vyuo navyo vipange vipindi vya mwaka wa kwanza viishe kabla ya giza, na Bodi itenge fedha ya malazi na ya chakula badala ya kuzimimina pamoja kila siku 60. Hayo yakishafanyika, suala la saa ya kuamka tumwachie kijana mwenyewe.